ADABU YA MGENI KATIKA CHAKULA NA SIKUKUU ZA WENYEJI

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyewafanya watu mataifa na makabila ili wajuane, akazigawa riziki zake katika ardhi, pengine akaotesha mtende na pengine akaotesha mgomba. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyezaliwa Makka akafia Madina, na jamaa zake na sahaba zake walioiacha miji yao kwa ajili ya dini.

Ama baad. Waislamu wengi huondoka kwao wakaenda kukaa katika nchi isiyokuwa ya wazee wao. Mmoja hutoka Tanga au Pemba akaenda kufundisha chuoni katika Karagwe. Mwengine hufuata biashara ya kahawa mpaka Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Na mwanamke hufuata mumewe mpaka Rugera, asikokuwa na ndugu wala shangazi. Hukuta huko nchi ya vilima na migomba, na majirani ambao wengi wao ni Wakristo, watu wakarimu wasiomwacha mgeni apite mlangoni bila ya kumwambia karibu. Basi huja siku ya arusi, au siku ya Krismasi, au siku ya senene, na sahani huwekwa mbele yake, naye hajui ale au asile, aende au asiende.

Hapo ndipo watu hugawanyika mafungu mawili, na yote mawili yameikosa njia. Fungu la kwanza husema: kila kisichokuliwa kwetu ni haramu. Fungu la pili husema: mgeni hana chaguo, kila kinachoandaliwa na kiliwe, watu wasije wakachukia. Wa kwanza amemzulia Mwenyezi Mungu sharia asiyoiweka, na wa pili ameiuza sharia aliyoiweka kwa kuona haya. Na la ajabu zaidi ni kwamba mafungu haya mawili pengine hukutana katika mtu mmoja: mchana huwatemea mate senene mbele ya mwenyeji wake, na jioni huinywa pombe ya mwenyeji yule yule kwa kuwa hakupata ujasiri wa kusema hapana.

FASILI YA KWANZA: DINI SI DESTURI YA NYUMBANI

Jambo la kwanza limpasalo mgeni ni kupambanua baina ya alichokataza Mwenyezi Mungu na alichokizoea yeye. Na asli ya jambo hili imo katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia nyumbani kwa mkewe Bibi Maimuna pamoja na Khalid bin Walid, akaandaliwa dhabbu, naye ni mnyama wa jangwani mfano wa kenge. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuinua mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa si haramu, lakini hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume akimtazama.

Na mtu aizingatie hadithi hii vizuri. Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye lau angalisema neno moja lingalikuwa sharia mpaka Siku ya Kiyama, hakuigeuza karaha ya nafsi yake kuwa hukumu juu ya watu. Hakumkemea Khalid, wala hakuwatahayarisha walioandaa. Tena imepokewa kwake ya kwamba hakuwa akitia chakula ila: akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Basi imekuwaje mtu aliyelelewa kwa wali na samaki aone ndizi zilizopikwa na maharage ni chakula cha kubezwa, na kisha aipe dharau yake jina la dini?

Na kila taifa lina miiko yake. Mwaka 1861 msafara wa Mwingereza Speke, uliokuwa na watu wengi wa pwani, ulifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Watu wa msafara walitafuta maziwa ya kununua katika nchi iliyojaa ng'ombe wakayakosa, kwani wafugaji wa huko walikataa kuwauzia watu walao kuku na maharage. Basi tazama: kuku, ambaye kwa mtu wa pwani ndiye kitoweo cha heshima anachochinjiwa mgeni, kwa mfugaji wa Karagwe wa zama zile alikuwa ni uchafu wa kuzuilia maziwa. Mgeni amchekaye mwenyeji kwa miiko yake na ajue kuwa na yake huchekwa.

Wala wenye elimu hawakusalimika na jambo hili. Katika mwaka 1511 mtawala wa mji wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kahawa, akawakusanya wanachuoni na matabibu wakatoa hoja za kuikataza. Hatimaye marufuku ile iliondoka, na leo hapana baraza ya Waislamu, kutoka Lamu mpaka Maskati, isiyonywewa kahawa. Kilichokuwa kigeni kiliogopwa kwa ugeni wake, na kilipozoewa hofu ikaondoka. Sharia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mazoea ya watu.

FASILI YA PILI: VYAKULA VYA KARAGWE NA HUKUMU ZAKE

Ama ndizi, na maharage, na viazi, na samaki wa mito na maziwa, na maziwa ya ng'ombe, hivi vyote ni halali bila ya shaka, hata vikipikwa na asiyekuwa Mwislamu, maadamu chombo ni safi. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume juu ya vyombo vya watu wa Kitabu waliokuwa jirani zake, akaambiwa akipata vingine asile katika vyao, na asipopata avioshe kisha alie humo. Basi chungu kilichotiwa pombe au nyama ya nguruwe huoshwa kama sharia inavyotaka, na kisichojulikana kuwa na najisi hukumu yake ni tohara. Mgeni hana ruhusa ya kuwadhania watu uchafu.

Ama kahawa, watu wa nchi za Kagera huichemsha ikiwa na maganda yake, wakaikausha, wakampa mgeni punje chache atafune. Hii ni heshima njema, na kuipokea ni kuurudishia ukarimu wema wake. Lakini katika nchi za Buhaya na Buganda punje hiyo hiyo ilitumiwa pia katika kuchanjiana udugu: wawili hujichanja, kila mmoja akaipaka punje damu yake akampa mwenziwe ameze. Punje ni ile ile, na kilichoharamisha ni damu, kwani damu imekatazwa kwa maneno ya wazi katika Qurani. Mwislamu akitakiwa udugu wa namna hiyo, na aupokee udugu na aikatae damu, amwambie mwenziwe kuwa kwao ahadi hufungwa kwa ulimi na kwa kumtaja Mungu.

Ama maji ya ndizi, mas-ala yake yataka uangalifu. Wenyeji huziivisha ndizi, wakazikamua kwa majani makavu mpaka zitoke maji matamu. Maji hayo yangali matamu ni halali kama maji ya zabibu na ya tende. Kisha hutiwa mtama uliokaangwa, yakafunikwa katika mtumbwi wa mti, nayo huchacha muda si mrefu yakawa pombe iitwayo rubisi. Mtume alikuwa akinywa maji yaliyorowekwa tende au zabibu siku ya kwanza na ya pili mpaka jioni ya tatu, kisha yaliyosalia humwagwa. Basi mpaka ni ulevi. Kinacholevya kingi chake, hata kichache chake ni haramu, wala haifai mtu kusema ameonja kwa kumridhi bwana arusi. Na asiyejua maji haya ni ya leo au ya jana, na aulize kabla ya kuitia midomo yake. Na akitia shaka kwa harufu au povu, na aache. Wala asikae katika jamvi ambalo pombe inazungushwa. Na asogee aketi na wazee wasiokunywa na watoto. Katika kila arusi wapo.

Ama senene, hao ni panzi wa kijani washukao kwa makundi katika nchi za Kagera, zaidi katika Novemba na Desemba. Hutolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na wengine hukaushwa wakapelekwa mbali kuwa zawadi. Nzige ni halali hata akifa bila ya kuchinjwa, na Abdalla bin Abi Aufa amesimulia ya kwamba sahaba walipigana vita saba pamoja na Mtume wakila nzige. Wataalamu wa wadudu humtenga senene na nzige katika ukoo wa karibu, ijapokuwa wote wawili ni katika jamii moja ya panzi. Kwa hivyo yuko amhesabuye senene kuwa nzige kwa umbo na kwa mwendo, akala. Na yuko asitaye kwa kuwa madhehebu ya Imamu Shafi yanazuia wadudu wengine, akaacha. Mwenye kula asimwite mwenziwe mshamba, na mwenye kuacha asimwite mwenziwe fasiki. Jambo lenye khitilafu halivunji udugu wala ujirani.

Ama nyama, hapa ndipo pagumu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida amehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na Imamu Shafi ameweka masharti katika kuwajua hao ni nani kwa nasaba zao. Kwa hivyo wafuasi wake wenye hadhari hupenda nyama iliyochinjwa kwa mkono wa Mwislamu. Na katika Tanzania ilikuwa desturi ya siku nyingi kwamba penye karamu ya watu wa dini mbalimbali huitwa Mwislamu achinje ili wote wale. Desturi hii ilisimama juu ya hisani, si juu ya nguvu. Ilipotiwa ubishi na ushindani, fitina ikaingia: mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulifika mpaka mchungaji wa Kikristo akauawa. Subhanallah! Kisu kilichowekewa sharia ili mnyama asiteswe kimekuwa sababu ya kumwaga damu ya binadamu, na roho moja kuuawa bila ya haki ni sawa na kuuawa watu wote. Hapana kipande cha nyama duniani kilicho na thamani hiyo.

Basi adabu yake ni hii. Mgeni akialikwa, na aende mapema kwa mwenyeji, si siku ya karamu mbele ya sahani, amwambie kwa upole: baba, dini yangu inanitaka hivi, nipe ruhusa nije alfajiri nikuchinjie. Wengi hukubali kwa furaha. Asiyekubali, hiyo ni nyumba yake na mali yake. Mgeni na ale ndizi na maharage, ashukuru, wala asiutoe uso wa kuchukia. Mwenye kula maharage kwa uso mkunjufu amemheshimu mwenyeji kuliko mwenye kula nyama kwa manung'uniko.

FASILI YA TATU: SIKUKUU ZA WENYEJI

Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wake wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujinga, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia bora kuliko hizo: Idi ya Kuchinja na Idi ya Mfungo Mosi. Basi Mwislamu ana sikukuu zake, hana haja ya kuazima ibada ya watu. Haimpasi kuingia katika sala zao, wala kuimba zilizo itikadi zao, wala kuvaa alama ya dini yao. Hili halina shaka, na Mkristo mwenye akili hamchukii Mwislamu kwa hili, kama Mwislamu asivyomtaka Mkristo asujudu katika msikiti.

Lakini ibada ni kitu na ujirani ni kitu. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, juu ya wanyonyeshaji wao wa Kimajusi wanaowapelekea zawadi siku ya sikukuu yao. Akajibu ya kwamba kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile wasile, na matunda ya miti yao wale. Tazama fikihi ya mama wa waumini! Hakusema mrudishieni sahani yake. Ameondoa kilicho cha ibada, na ameacha kilicho cha hisani. Basi jirani wa Rugera akileta siku ya Krismasi mkungu wa ndizi, au mkate, au sukari, na upokewe kwa mikono miwili na ashukuriwe kwa wema wake.

Na historia ya Karagwe yenyewe ina mfano. Rumanyika hakuwa Mkristo wala hakuwa Mwislamu. Kila mwezi ulipoandama alikuwa na sherehe yake ya ngoma, ambayo kwayo aliupima utii wa watu wake. Hata ilipofika tarehe 25 Desemba 1861, akasikia kuwa wageni wake Waingereza huadhimisha siku ile kwa karamu ya nyama, akawapelekea ng'ombe. Hakubatizwa kwa kutoa ng'ombe, wala wao hawakuingia katika mizimu yake kwa kumpokea. Alichokifanya ni kuikumbuka siku ya mgeni wake. Ikiwa mfalme asiyekuwa na Kitabu aliijua adabu hii, yafaa mwenye Kitabu aijue zaidi.

Na mgeni asingoje kupewa tu. Abdalla bin Amr bin al-As alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza na kukariri kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa sehemu yake, akawakumbusha watu jinsi Jibrili alivyomwusia Mtume juu ya jirani. Basi Idi inapofika, sahani ya kwanza iwe ya jirani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Mwalimu aliyekaa kijijini miaka mitano, na majirani zake hawajui Idi ni siku gani wala pilau yake ina ladha gani, asilaumu watu kuwa hawaujui Uislamu. Watoto wake nao na wafundishwe sababu, si makatazo matupu. Kwani mtoto aambiwaye usile bila ya kuambiwa kwa nini, hula akiwa peke yake.

FASILI YA NNE: CHAKULA KILICHO HARAMU KULIKO VYOTE

Kabla ya Wazungu kufika, wafanyi biashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe. Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, ambaye yasimuliwa kuwa alifika Buganda mwaka 1844, akamwona Kabaka Suna akiwaua watu, akathubutu kumwambia kuwa watu hao wameumbwa na Mungu ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme. Kwa neno lile la mgeni, jina la Mwenyezi Mungu lilianza kusikiwa katika jumba lile. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Ahmed angali anakaa Kafuro. Hii ni heshima kubwa kwa mgeni, nayo haifichwi.

Lakini na lililo chungu pia halifichwi. Biashara ya misafara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Na imo katika Sahihi ya Bukhari hadithi ya kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na litazamwe neno hilo la kula. Aliyeuliza nyama hii imechinjwa na nani, wala asiulize mtu huyu amepatikanaje, koo lake lilikuwa safi na tumbo lake limejaa moto. Hesabu ya waliokwisha tangulia iko kwa Mola wao. Waliobaki wana la kuzingatia. Leo hauzwi mtu Kafuro, lakini yuko anunuaye kahawa ya mkulima ingali mtini kwa bei ya dhiki, yuko apunjaye mizani, yuko akopaye dukani kwa mjane asilipe. Huyo hata akichinja kwa mkono wake na kuelekea kibla, alacho ni haramu, na haramu yake ni nzito kuliko ya sahani aliyoikataa kwa jirani.

KHATIMA

Kuipenda nchi ya wazee si dhambi. Bilal, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipopata homa Madina aliitamani Makka na majani ya mabonde yake, ijapokuwa Makka ndiko alikoteswa. Mtume aliposikia habari ya masahaba wake hakuwalaumu. Aliwaombea waipende Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na akaomba baraka katika pishi yake na kibaba chake, yaani katika chakula cha nchi ile ya ugeni. Basi huu ndio mwendo wa mgeni, akiwa ni mtu wa Pemba aliyeko Karagwe, au mtu wa Karagwe aliyeko Maskati au London: na akumbuke kwao, na aombe baraka katika vibaba vya kule alipo, ale kilicho halali kwa shukrani, aache kilicho haramu kwa upole, wala asimdhulumu aliyemkaribisha.

Ewe Mola, wape waja wako walioko ugenini elimu ya kupambanua, na ulimi wa upole, na riziki isiyokuwa na jasho la mtu mwengine. Ibariki migomba ya Rugera na watu wake, na uwaongoze wenyeji na wageni katika kheri. Amin.